Kipilefti: Shika Kushoto, Tazama Kulia

Kila magunia ya mpunga yanapoanza kutoka Chekereni kwenda Moshi mjini, naulizwa swali moja: "Pale Mnara wa Saa, nani anampisha nani?" Kaniuliza kijana aliyeanza juzi kubeba mizigo kwa kirikuu. Kaniuliza mama mmoja aliyejinunulia gari baada ya kuuza mchele miaka mingi. Kaniuliza mzee wa pawatila, lile trekta dogo la mkono, tena kwa sauti ya chini ili wajukuu zake wasisikie.

Hao wote ni madereva wazuri. Wanapishana na fuso lililojaa kwenye barabara ya vumbi, mfereji wa umwagiliaji ukiwa hatua moja kutoka tairi, na hakuna anayetumbukia. Shida ni kwamba Chekereni hakuna kipilefti. Kwetu barabara zinakutana kwa njia panda, na kwenye njia panda watu wanajuana: mmoja anapunga mkono, mwingine anapita, salamu zinafuata. Kipilefti cha kwanza wanakutana nacho mjini, mzigo ukiwa nyuma, honi zikilia, na hakuna anayewajua.

Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili yako uliyepita pale miaka 10 kwa kubahatisha.

Jibu kwa mwenye haraka

Kama gari linawaka na abiria wanakusubiri, chukua haya manne uende:

- Punguza mwendo kabla hujafika. Usingoje ufike ndipo upunguze.
- Tazama kulia. Aliyemo ndani ya duara ana haki. Mpishe.
- Ingia kwa kushoto na uzunguke mshale wa saa unavyozunguka, kisiwa kikiwa kulia kwako.
- Washa indiketa ya kushoto kabla ya kutoka.

Ukirudi, soma yaliyobaki. Ajali nyingi ndogo za pale mjini zinatokana na mambo ambayo hayamo katika hayo manne.

Jina limetufundisha nusu

Neno kipilefti lilitoka kwenye vibao vya Kiingereza vilivyomwambia dereva ashike kushoto. Tukalipokea, tukaliingiza kwenye ngeli ya kitabu na vitabu, na leo tunasema vipilefti kama neno tulilozaliwa nalo. Nalipenda. Ila lina hasara moja: linataja upande wa kwenda na halitaji upande wa kutazama.

Nimekaa na madereva wengi, na karibu kila anayekosea amekosea hapo. Anashika kushoto kama jina linavyosema, na macho yake nayo yanakwenda kushoto, anakoelekea. Anayekuja kumgonga yuko kulia. Kwa hiyo nawafundisha watu kulitamka jina kwa vipande viwili: shika kushoto, tazama kulia. Tamka kwa sauti ukiwa kwenye usukani. Mdomo ukisema, shingo inageuka.

Wengine hulichukua jina kwa namna nyingine, wakadhani ni lazima kubaki ukingo wa kushoto muda wote wa kuzunguka, hata kama wanakwenda njia ya mwisho. Hao ndio wanaowakatia wenzao wanaotoka. Nitarudi kwao.

Hatua kwa hatua

Tuchukue safari ya kawaida. Umetoka Chekereni asubuhi, umefika mjini, na mbele yako ni Mnara wa Saa na jengo la chama cha ushirika, KNCU.

1. Jua utakapotokea kabla hujafika. Hesabu njia kuanzia kushoto kwako: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sema moyoni, "natoka ya pili." Anayeingia bila kujua atakapotokea atafunga breki katikati, na aliye nyuma yake atalipa.

2. Jaribu breki mapema. Hili ni la kwetu hasa. Ukiwa umepita kwenye maji ya mfereji, au barabara ya shambani ilikuwa tope, breki zinaweza kuwa na maji na tairi zina udongo. Ukikaribia lami, gusa breki mara mbili tatu taratibu ili zikauke. Usizijaribu kwa mara ya kwanza kwenye mstari wa kuingilia kipilefti.

3. Shusha gia mapema. Gari dogo, gia ya pili. Lenye mzigo, uwe tayari na ya kwanza. Ndani ya duara, kilometa 20 kwa saa zinatosha. Sheria inakuruhusu hadi 50 maeneo ya makazi, lakini hiyo ni kwa barabara iliyonyooka.

4. Tazama zebra. Kabla ya kulifikia duara kuna watu wanaovuka: wanafunzi, akina mama wenye ndoo vichwani, watalii wanaoutafuta mlima kwa kamera. Wapishe hao kwanza, kisha ndiyo uanze habari za magari. Usisimame juu ya zebra ukisubiri nafasi.

5. Tazama kulia, kisha mbele, kisha kulia tena. Mara ya pili ndiyo inayookoa. Katika sekunde ulizotazama mbele, bodaboda ameshatokea.

6. Nafasi ikipatikana, ingia moja kwa moja bila kusitasita. Ukianza kisha ukasimama, aliye nyuma yako alikuwa anatazama kulia kama wewe. Hakuona kwamba umesimama.

7. Ukiwa ndani, usisimame kumkaribisha mwingine. Zunguka, toka.

8. Kabla ya kutoka, indiketa ya kushoto, kioo cha kushoto, bega la kushoto. Geuza kichwa kabisa. Kuna sehemu ubavuni mwa gari ambayo kioo hakiioni, na bodaboda mzima anaenea pale.

9. Ukitoka, tazama zebra ya upande wa pili. Madereva wengi hupumua wakidhani kazi imekwisha, wakati mtoto yuko katikati ya zebra.

Nafasi inatosha au haitoshi?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na si jambo la kusomea kitabuni. Naweza kukupa kipimo tu. Chagua gari lililomo ndani linalokuja kutoka kulia. Hesabu polepole, "moja na nusu, mbili na nusu..." mpaka lifike mbele yako. Likifika kabla ya nne, nafasi kama hiyo haikutoshi ukiwa na gari dogo lililosimama. Kwa fuso lenye magunia, au gari lenye trela, zidisha mara mbili. Fanya hivyo kwa magari matatu manne bila kuingia. Jicho litashika kipimo na hutahesabu tena.

Usipime kwa kuangalia gari la mbele yako limeingia. "Kapita, na mimi nitapita" ni hesabu ya hatari: nafasi ilikuwa ya mmoja, na yeye ameichukua.

Na mwenye kukupigia honi nyuma haoni kulia kwako. Yeye anaona tu kwamba barabara mbele yako ni tupu. Mwache apige.

Indiketa

- Njia ya kwanza kushoto: washa ya kushoto unapokaribia, usiizime mpaka umetoka.
- Kwenda mbele: usiwashe kitu unapoingia. Ukishaipita njia iliyo kabla ya yako, washa ya kushoto.
- Kulia, au kurudi ulikotoka: washa ya kulia unapoingia na ukae karibu na kisiwa kama duara linatosha magari mawili. Ukiipita njia iliyo kabla ya yako, badili iwe ya kushoto, tazama kioo na bega, ndipo usogee nje.

Madereva wengi mjini huacha kabisa kuwasha ya kutokea. Nalichukia kosa hili kuliko yote, kwa sababu linaiba muda wa watu waliosubiri. Mama wa Chekereni yuko kwenye mstari, anakuona unakuja, anadhani unampitia mbele, anasubiri. Kumbe unatoka kabla hujamfikia. Ungemwambia kwa taa, angekuwa ameshaingia. Nusu ya foleni ya pale ni watu wanaosubiri magari yasiyokuja.

Upande wa pili wa jambo hilo: indiketa ya mwenzako ni ahadi, haijawa tendo. Akiwasha ya kushoto, subiri uone tairi zake za mbele zinageuka. Wapo wanaoisahau ikiwaka tangu mtaani Pasua.

YMCA si Mnara wa Saa

Nawaonya hasa kuhusu hiki. Kipilefti cha Mnara wa Saa kiko ndani ya mji, na magari yanafika pale yakiwa yamechoka na foleni. Cha YMCA kiko kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Himo. Wanaokifikia wametoka kwenye mwendo: mabasi ya mikoani, malori yanayokwenda Holili mpakani, magari ya watalii yaliyotoka kiwanja cha ndege. Dereva huyo amekuwa na haki ya njia kilometa nyingi. Kila barabara ndogo iliyoingia kwake ilimpisha. Akifika YMCA anaamini bado ana haki hiyo.

Hana. Barabara kuu inakoma kwenye ukingo wa duara na kuanza upya ng'ambo. Anayetoka Arusha, anayetoka Himo, anayepanda kutoka mjini na anayeshuka kutoka Shanty Town, wote wanne hukutana na kanuni ile ile: mpishe aliyemo ndani, kulia kwako.

Lakini sikuambii ukaidai haki hiyo kwa kumkingia basi kifua. Ukiwa pale:

- Mtazame anayekuja, siyo nafasi tu. Pua ya gari ikiinama, ameshika breki. Isipoinama, mwache apite hata kama amekosea.
- Usiingie mbele ya gari zito kwa sababu tu liko mbali. Gari lenye mzigo linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na kutoka kwenye chombo kidogo utadhani linakuja polepole.
- Usiku, punguza taa ziwe za chini unapoingia. Taa kali zinageuka na gari na kuwapiga usoni wote waliosimama.
- Ukiwa wewe ndiye unayetoka barabara kuu, anza kupunguza mwendo mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Mwendo mrefu humdanganya dereva: baada ya 80 kwa muda, 40 huonekana kama kutembea kwa miguu.

Lori linapanua kulia ili likate kushoto

Hili nimelilipia mwenyewe, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye pikipiki, nyuma ya lori la trela linalotaka kutoka kwenye kipilefti. Likasogea kulia kidogo. Ubavu wa kushoto ukabaki wazi, pana, ungetosha hata bajaji. Nikaingia pale nikidhani ameniachia. Hakuwa ameniachia. Dereva wa trela husogea kulia kwanza ili apate kona, kisha anakata kushoto. Alipokata, kichwa kilipita mbali nami, na magurudumu ya nyuma yakanijia ubavuni kama mlango unaofungwa. Niliruka ukingoni. Pikipiki ilibaki chini. Dereva hakuniona, na kutoka pale alipokaa hakuwa na namna ya kuniona.

Magurudumu ya nyuma ya gari refu hayapiti yalipopita ya mbele. Hukata ndani. Kwa hiyo:

- Lori likiingia au likitoka, linabana upande wake wa kushoto. Bodaboda na baiskeli, msikae pale.
- Lori likiwa linazunguka, linabana upande wa kisiwa, yaani kulia. Gari dogo, usizunguke naye sambamba ukiwa ndani.
- Kama huvioni vioo vya dereva, naye hakuoni.
- Mahali salama ni nyuma yake, mbali kidogo. Mwache amalize. Ni sekunde chache.

Na wewe dereva wa lori: washa indiketa mapema, chukua nafasi yote unayoihitaji, na usiwe na haya ya kuziba njia mbili. Anayeacha upenyo ubavuni anamwita mtu aingie.

Bodaboda, baiskeli, pawatila

Bodaboda wangu, najua mnasema ukingoni ndiko salama. Kwenye barabara iliyonyooka, sawa. Kwenye kipilefti ukingo ndio mahali kila mtu anapotokea. Ukienda njia ya pili au ya tatu huku umeng'ang'ania ukingo, kila gari linalotoka litakukata. Kaa katikati ya njia yako, kama gari. Uonekane. Abiria avae kofia ngumu, na mzigo usizibe indiketa za nyuma. Gunia lililofungwa kwa kulala hufunika taa zote mbili, na hapo huna tena njia ya kusema unakokwenda.

Mwenye baiskeli yenye gunia, nakushauri bila kuona haya: shuka. Isukume kwa miguu ukivukia zebra moja baada ya nyingine. Utachelewa dakika 3. Baiskeli yenye mzigo mzito haiwezi kuondoka haraka kutoka kusimama, na haiwezi kusimama haraka ikiwa inakwenda.

Pawatila ni ya shambani. Kama ni lazima uingie nayo mjini na tela:

- Nenda asubuhi na mapema baada ya kupambazuka, kabla ya mji kujaa. Usiende gizani kabisa, kwa sababu nyingi hazina taa za nyuma.
- Tafuta njia isiyopita kwenye kipilefti, hata kama ni ndefu.
- Weka viakisi vyekundu nyuma ya tela.
- Awepo mtu wa pili wa kutoa ishara kwa mkono, kwa kuwa mikono yako iko kwenye vishikio. Asikae juu ya mpunga. Akae chini, akiwa ameshika.

Makosa ninayoyaona kila wiki

- Ustaarabu usio mahali pake. Dereva yumo ndani, anamwona mzee anasubiri, anasimama amwachie. Moyo wake mzuri, lakini aliye nyuma hakutegemea. Heshima ya kipilefti ni kutoka haraka na kuacha nafasi.
- Kurudi nyuma baada ya kupitwa na njia. Usirudi nyuma hata nusu mita. Zunguka tena. Duara limetengenezwa kwa ajili hiyo.
- Kushusha abiria kwenye mdomo wa kutokea. Konda anagonga bati, dereva anasimama, na duara lote linaganda. Abiria nanyi msimwombe.
- Kuingia wakati njia yako ya kutokea imeziba. Utabaki ndani umemzuia asiyehusika, naye atamzuia mwingine, mpaka kila mtu awe amefungwa na mwenzake.
- Simu. Zile sekunde 2 za "nimefika Mnara wa Saa" ndizo za kutazama kulia mara ya pili.
- Mvua ya kwanza. Vumbi na mafuta ya lami vikilowa vinateleza kuliko mvua ya wiki nzima. Mwezi Machi, masika yakianza, punguza hata zaidi.

Najua utaniuliza

*Kama kila mtu ananiingilia, mimi nikipisha si nitalala pale?* Hutalala. Anayepisha hupata nafasi yake, kwa kuwa magari hayaji kwa mnyororo usiokatika. Nimesimama pale mchana wa siku ya soko nikiangalia. Wanaokwama muda mrefu ni wale waliosukuma pua nusu ndani, kwa sababu sasa hawawezi kwenda wala kurudi.

*Tukifika wote wanne kwa wakati mmoja?* Kila mmoja ana mtu kulia kwake, na kanuni haimtaji wa kwanza. Tazamaneni machoni. Mmoja apunge mkono, mmoja aende polepole, na akishaingia duara lina mwenyewe na kanuni inarudi kazini.

*Gari la gharama au la serikali lina haki zaidi?* Halina. Isipokuwa ambulensi, zimamoto na msafara wenye ving'ora. Ukisikia king'ora ukiwa nje, baki nje. Ukiwa ndani, usisimame pale: toka kwa njia iliyo karibu, hata kama si yako, kisha sogea kushoto. Kusimama ndani kunaifungia njia ambulensi ya hospitali ya Mawenzi au ya KCMC.

*Trafiki akiwepo?* Mkono wake unashinda kila nilichoandika. Akikuita uingie, ingia, hata kama kulia kuna gari. Akikuzuia, simama hata kama pako tupu.

*Si wangeviondoa waweke taa?* Swali hili lina uzito na sitalipuuza. Njia panda ya kawaida ya mikono minne ina sehemu 32 ambapo njia za magari hukutana, hukatana au huachana. Kipilefti cha mikono minne chenye safu moja ya magari kina 8. Tena kwenye njia panda mtu anaweza kugongwa ubavuni kwa mwendo mkali, lakini kwenye duara mnagusana mkielekea upande unaokaribiana, polepole. Umeme ukikatika, duara linaendelea. Ni kweli, magari yakizidi sana kipilefti hulemewa, na ndiyo maana miji mikubwa hupachika taa au hujenga barabara za juu. Moshi haijafika huko kwa saa nyingi za siku.

Hata kanuni ya kumpisha aliyemo ndani haikuwepo tangu mwanzo. Uingereza waliifanya kuwa sheria mwaka 1966, baada ya miaka mingi ya maduara kujifunga kwa sababu waliokuwa wakiingia walijisukuma tu. Leo Ufaransa pekee ina vipilefti zaidi ya 30,000. Nasi hatuna vichache: Arusha kuna Mnara wa Saa wake na kile cha Impala, Mwanza kuna cha Samaki, Unguja kuna Michenzani, na Dar es Salaam sanamu ya Askari imesimama kati ya magari tangu 1927. Kijana wa Chekereni akikijua cha Moshi, kazi ya udereva itampeleka kwenye hivyo vingine.

Desemba

Ndugu zetu wanapopanda kutoka Dar kuja kuhesabiwa, yaani kula sikukuu nyumbani, mji hubadilika. Magari ni mengi, wengi wao wamelala njiani saa chache au hawakulala, na wamezoea barabara pana zenye taa. Wengine hawajapita Moshi mwaka mzima. Kuanzia wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya:

- Peleka mzigo mjini kabla ya saa 2 asubuhi.
- Ongeza nafasi kati yako na gari la mbele.
- Gari likija na vitanda na mabegi juu, mpe njia kama mgeni wa nyumbani. Uchovu wa safari ya siku nzima hauondoki kwa kuuona mlima.

Ukivuka mpaka

Kenya na Uganda wanashika kushoto kama sisi. Ukivuka Rusumo kwenda Rwanda, au ukaenda Burundi na Kongo, gari linashika kulia na duara linazungukwa kinyume cha saa. Wanaokwenda kufanya kazi Oman watakuta hivyo pia, na vipilefti vingi. Huko shingo inageuka kushoto. Madereva wa malori huandika mshale kwenye karatasi na kuubandika karibu na usukani. Ufanye hivyo, hasa kwa asubuhi ya pili, ambapo mwili umesahau kwamba uko ugenini.

Mkigusana

Simama. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva asimame baada ya ajali. Washa taa zote mbili za dharura, angalia kama kuna aliyeumia, weka pembetatu nyuma, na pigeni picha mkionyesha kisiwa, njia mlizotoka na magurudumu yalivyogeuka. Picha ya mkwaruzo peke yake haisemi nani alikuwa ndani. Kisha mwite askari, na msibishane katikati ya duara. Wanaokuja nyuma wanawatazama ninyi, hawatazami kulia.

Duara la pumba

Mwisho, mazoezi. Usijifunzie Mnara wa Saa saa 1 na nusu asubuhi.

Kwetu pumba za mpunga hazinunuliwi kwa bei ya kutisha. Chukua magunia mawili kutoka mashineni, omba uwanja siku ambayo hakuna watoto, na uchore duara la pumba lenye upana wa hatua 15. Weka tairi kuukuu katikati. Chora njia nne. Endesha peke yako kwanza, ukitamka njia unayotoka na kuwasha indiketa, mpaka mkono uende wenyewe. Kisha alika wenzako wawili wenye pikipiki wazunguke polepole, na wewe uingie ukiwapisha. Pumba zikitawanyika upande wa kisiwa, unakata ndani mno. Zikitawanyika nje, unaingia na mwendo.

Wiki inayofuata nenda mjini kwa miguu. Simama karibu na Mnara wa Saa nusu saa, mahali usipomzuia mtu, na uchague gari moja moja. Kisie litatokea wapi kabla halijawasha taa. Utashangaa jinsi tairi za mbele zinavyosema mapema.

Jumapili alfajiri, watu wakiwa wanajiandaa kwenda ibadani, chukua gari lisilo na mzigo. Zunguka mara moja ukitoka njia ya kwanza, mara ya pili njia ya pili, mara ya tatu ya tatu, kisha uende YMCA ufanye vivyo hivyo. Mtu mwenye leseni na uzoefu akae kiti cha pembeni, na kazi yake iwe moja tu: kusema "kulia" kila mnapokaribia mstari. Mkirudi Chekereni saa ya chai mkiwa hamjaguswa na honi hata moja, Jumatatu pakia magunia matano, siyo ishirini, uende tena.